Namna ya Kuteua Mbegu ya Mtama Inayoendana na Shamba Lako

Mkulima anayepita shambani wakati wa mavuno na kuchukua masuke makubwa kuliko yote yawe mbegu ya mwakani hudhani anateua mbegu, kumbe mara nyingi anateua udongo. Suke lililonona kando ya kichuguu, au pale palipokuwa na zizi la ng'ombe miaka michache iliyopita, limenona kwa sababu ya rutuba, na rutuba hairithiwi. Kinachorithiwa ni vinasaba. Kazi inayoelezwa hapa ni ya kutenganisha mambo hayo mawili, yaani kile ambacho mmea umepewa na mahali ulipoota na kile ulichopewa na wazazi wake. Mfano wangu ni mtama, na mahali ni maeneo makavu ya katikati ya Tanzania kama Dodoma na Singida, ambako msimu wa mvua ni mmoja, tangu mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na ambako mvua ina mazoea ya kukatika Februari mtama ukiwa ndio kwanza unainuka.

Anza na tarehe ya kuchanua

Katika sifa zote zinazouwezesha mtama kuizoea nchi, ya kwanza ni wakati wa kuchanua. Mtama ukichanua mapema mno, punje hukomaa mvua ingali inanyesha, ukungu ukazivamia na ndege wa eneo zima wakahamia kwako kwa kuwa kwingine hakujaiva. Ukichelewa, punje hukosa maji na kubaki mapepe.

Kwa asili mtama ni mmea wa siku fupi. Ulianza kulimwa Afrika, upande wa mashariki wa Sudan ya leo, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na desturi yake ni kungoja mchana upungue ndipo uchanue. Mwaka 1945 watafiti wawili wa Texas, Quinby na Karper, walieleza jeni tatu zinazotawala kungoja huko, wakaziita Ma1, Ma2 na Ma3. Baadaye idadi hiyo ilifika sita. Leo inajulikana kwamba Ma3 hutengeneza fitokromu, protini inayopokea mwanga na kuujulisha mmea kwamba kumekucha au kumekuchwa, na mwaka 2011 ilibainika kwamba Ma1 hufanya kazi kama breki: mchana ukiwa mrefu, huzuia amri ya kuchanua isitoke. Nakala moja nzima ya Ma1, ikitoka kwa baba au kwa mama, yatosha kuuchelewesha mmea. Uliorithi nakala mbovu pande zote mbili hauna breki hiyo, nao huchanua mapema hata mchana ukiwa mrefu.

Nguvu ya breki hizi ilionekana wazi mtama wa nchi za joto ulipopelekwa Marekani, kwa maana katika siku ndefu za kiangazi cha Texas uliendelea kurefuka na kuota majani tu, hadi baridi ikaukuta haujatoa suke. Ndiyo sababu mwaka 1963 ulianzishwa mpango wa kuzichanganya aina za nchi za joto na mtama mfupi wa mapema, uchanganyaji ukifanywa Puerto Rico ambako siku ni fupi na uteuzi ukifanywa Texas. Dodoma, iliyo karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni ni dakika 40 hivi tu. Hata hivyo aina nyeti za mtama huweza kuzihisi tofauti ndogo kama hizo, ilhali aina nyingi za kisasa za muda mfupi hazijali.

Ili kujua mtama wako uko upande gani huhitaji maabara. Daftari na kalenda vinatosha. Panda mistari michache ya kila aina kwa tarehe mbili zilizopishana siku 21, tuseme tarehe 10 na tarehe 31 Desemba, mahali pamoja na kwa nafasi ileile. Kisha andika siku ambayo nusu ya mimea ya kila mstari imeanza kuchanua, na utambue kwamba suke la mtama huchanua kuanzia nchani na kushuka chini kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hiyo usingoje hadi lote liwe na chavua ya manjano. Tuseme aina ya kwanza imechanua siku ya 68 katika upandaji wa awali na siku ya 67 katika ule wa pili: hiyo inahesabu siku tangu kuota, na ukichelewa kupanda nayo inachelewa pamoja nawe. Tuseme aina ya pili imechukua siku 95 katika upandaji wa kwanza lakini 78 tu katika wa pili: hiyo inafuata kalenda, na hujitahidi kuchanua katika majuma yaleyale hata ukichelewa kuipanda.

Ipi ni bora hutegemea mvua yako inakosea wapi. Mahali ambapo mwanzo wa mvua ndio usiotabirika lakini mwisho wake una kawaida, aina inayofuata kalenda ni mali, kwa kuwa huulenga mwisho huo yenyewe. Mahali ambapo mvua hukatika mapema, aina ya muda mfupi huokoa chakula. Mimi singemshauri mtu autupe mtama wa babu yake kwa sababu tu unachelewa. Ningemshauri awe na zote mbili, kila mmoja katika kipande chake.

Gawa shamba kabla ya kuteua

Njia ya kugawa shamba ilielezwa mwaka 1961 na mtafiti Gardner wa Nebraska, Marekani, aliyeitumia kwa mahindi, na uzuri wake ni kwamba yahitaji kamba na vigingi tu. Panda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashina, ukiacha mche mmoja kila shina. Kisha ligawe eneo la kuteulia katika miraba 20, kila mmoja mita 5 kwa mita 5. Mraba mmoja utakuwa na mimea 110 hivi. Katika kila mraba teua mimea mitano iliyo bora kuliko jirani zake wa mraba huohuo, usiilinganishe na ya mraba mwingine. Mraba wenye udongo wa kichanga utatoa mitano midogo ya kutia huruma, na mraba wa kwenye zizi la zamani utaacha mimea minono mingi bila kuchukuliwa. Hapo ndipo wengi hushindwa kujizuia. Vumilia, kwa sababu mmea ulioshinda jirani zake katika mchanga ule mbaya umeshinda kwa kitu ulicho nacho wenyewe. Usichukue mmea wa pembeni mwa shamba wala ulio jirani na pengo, kwa kuwa umepata mwanga na maji ya mwenzake aliyekufa.

Uteuzi hauwezi kufanywa siku moja. Wakati wa kuchanua, funga utepe kwenye mimea iliyochanua katika siku unazozitaka, kwani wakati wa kuvuna suke halikuambii lilichanua lini. Mvua ikishakatika, rudi ukahesabu majani mabichi. Wakati mzuri wa kuhesabu ni pale punje zinapokamilika, na alama yake ni ndogo sana: bana punje ya sehemu ya chini ya suke itoke, uitazame kitako, ukiona doa jeusi, haipokei tena chakula kutoka kwenye mmea. Mmea uliofika hapo wakati wa ukame ukiwa na majani manne au matano mabichi, huku jirani zake wamekauka hadi juu, huenda una vinasaba vya kubaki kijani. Sifa hii inajulikana sana kutokana na mtama wa Ethiopia, ambamo maeneo manne ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, yametambuliwa kuihusu, na sehemu ya siri yake ni ubahili: mmea huwa na eneo dogo la majani kabla ya kuchanua, hivyo maji hubaki ardhini kwa ajili ya kujaza punje. Lakini angalia pia suke lenyewe, kwa kuwa mmea usio na punje nao hubaki kijani.

Ndege na kiduha

Kama kwelea kwelea ndio adui mkuu, huenda ukapendelea mtama wenye tanini, ambao ndege huuepuka kwa uchungu wake. Usidanganywe na rangi ya nje. Tanini huhitaji nakala nzima, angalau moja, ya kila moja ya jeni mbili, na ipo mitama myekundu isiyo nayo kabisa. Kwangua ganda la punje taratibu kwa wembe: ukikuta utando wa kahawia iliyokolea kati ya ganda na unga mweupe, tanini ipo. Ugali wake, lakini, ni wa kuzoea.

Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, ni habari nyingine. Mbegu zake hulala udongoni kwa miaka mingi na huamshwa na kemikali zinazotolewa na mizizi ya mtama. Mwaka 2017 ilitambuliwa jeni iitwayo LGS1 ambayo, ikikosekana, hubadilisha aina ya kemikali hizo na mbegu za kiduha hubaki zimelala. Hakika na Wahi ni aina zilizotolewa Tanzania kwa ajili ya ustahimilivu huo. Shamba lako likiwa limejaa kiduha, ni rahisi zaidi kuanza na aina kama hizo kuliko kuitafuta sifa hiyo katika mbegu uliyonayo.

Kuilinda mbegu uliyoiteua

Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, lakini si wote. Masuke unayoyataka hasa yafunike kwa mfuko wa karatasi ya kaki kabla hayajaanza kuchanua, ufunge chini kwa uzi. Mfuko wa nailoni huhifadhi unyevu na kuozesha suke. Kwa kila kizazi cha kujichavusha, sehemu ya jeni zenye nakala zisizofanana hupungua kwa nusu, na baada ya vizazi sita hubaki chini ya asilimia 2. Aina nyingi fupi za kisasa zikitoa mmea mmoja mrefu kati ya mamia, si lazima awe mgeni kutoka kwa jirani, kwani mojawapo ya jeni za ufupi, dw3, ina kipande kilichojirudia ambacho huweza kujirekebisha chenyewe na kurudisha urefu. Ung'oe tu.

Kwa mahindi mambo hubadilika, kwa kuwa chavua ya mbelewele husafiri mbali: ng'oa mimea mibaya kabla haijamwaga chavua, na uchukue mbegu kutoka kwenye magunzi yasiyopungua mia moja. Mbegu chotara usiteue kabisa, kwani watoto wake hutawanyika kila mmoja na sifa zake. Na kama utataka kuuza ulichoteua kiwe mbegu, sheria za Tanzania zinadai ukaguzi wa taasisi ya uthibitishaji mbegu, TOSCI, kwanza.

Pura masuke yaliyoteuliwa peke yake, changanya punje kwa kipimo sawa kutoka kila suke, na uzikaushe hadi punje ikatike kwa mlio kati ya meno. Nusu iweke akibani katika chombo kisichopitisha hewa, endapo msimu utaharibika. Nusu nyingine ipande mwakani mistari kwa mistari, ikipishana na mbegu ya zamani ambayo hukuiteua, na uandike tarehe za kuchanua, idadi ya majani mabichi na uzito wa punje za pande zote mbili. Zikilingana msimu wa kwanza, rudia kuteua kwa sifa hiyohiyo moja kabla ya kuongeza nyingine. Zikilingana hata msimu wa tatu, basi katika mbegu hiyo tofauti unayoitafuta haimo, na inabidi uiombe kwa mkulima wa kijiji kingine.