Huoni mbali tangu shule, sasa karibu nako kunagoma: fanya hivi

Kama we ni mtu wa miwani ya mbali tangu sekondari, alafu saivi umegonga arobaini na kitu na token za LUKU, zile namba za umeme, kwenye simu zimeanza kuungana, nane inafanana na tatu, mpaka upandishe miwani kwenye paji la uso ndo usome, tulia kwanza. Kule kutoona mbali kuko palepale. Kilichoongezeka ni kwamba lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa kadri umri unavyoenda, haitutumki tena kama zamani kuvuta vitu vya karibu, na hii inampata kila mtu, wengi wanaanza kuisikia kati ya miaka 40 na 45, uwe wa Shangani mjini Mtwara uwe wa Nanyamba, uwe ulivaa miwani au hujawahi.

Ila we una bahati moja ambayo jirani yako aliyekuwa na macho makali hana. Yeye lazima anunue miwani ya kusomea, we ukivua yako tu mara nyingi ushapata ya kusomea bure. Inategemea namba ya miwani yako, na hapa ndo watu wengi wanapotea.

Jipime hivi nyumbani. Vua miwani, ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, shika karatasi yenye maandishi madogo, hata risiti ya dukani, ilete karibu na uso mpaka usome vizuri, alafu anza kuipeleka mbele taratibu. Pale herufi zinapoanza ukungu simama hapohapo, mtu akupimie kwa tepu ya fundi cherehani kutoka kwenye jicho mpaka kwenye karatasi. Chukua 100 gawanya kwa hizo sentimita. Hiyo ndo namba yako ya mainasi, yaani ya kutoona mbali: ukipata sentimita 40 jicho lako ni kama mainasi 2.5, sentimita 33 ni mainasi 3, sentimita 20 ni mainasi 5. Rudia jicho la pili, maana mara nyingi hayalingani. Usiende kukatisha lenzi kwa hesabu hii, ni ya kukuonyesha tu umesimama wapi, na kama hamna umbali wowote ambao herufi zinakaa sawa basi huenda una astigimatizimu, yaani uso wa jicho haujapinda sawa pande zote, achana na tepu nenda kapimwe.

Mwenye mainasi 2 mpaka 3, vua usome, vaa utembee, basi. Tafuta kamba ya shingoni maana miwani ya kuvua vua ndo inayokaliwa kwenye kochi. Ukiwa fundi cherehani wa namba hizi utawacheka wenzio, wanaita watoto wawatungie uzi kwenye sindano, we unavua miwani unatunga mwenyewe.

Mwenye mainasi 5 au 6 kuvua hakumsaidii sana, atasoma kwa sentimita 17 mpaka 20, pua kwenye daftari, jioni shingo inauma. Huyu anahitaji miwani ya pili iliyopunguzwa makali. Mfano wa mainasi 4 wa mbali: mtaalamu akimwongezea 1.5 ya kusomea, miwani yake ya daftari inakuwa mainasi 2.5. Yaani bado ni mainasi!

Ndo maana ile miwani ya plasi, ya kusomea, ya kuchagua kwenye meza stendi inawakosea watu wetu wa mainasi. Mwenye mainasi 3 akivaa plasi 2 peke yake kwenye macho matupu mwisho wake wa kuona ni sentimita 20, kajisogezea matatizo kwa hela yake. Mwenye mainasi 1 kidogo inaweza kumfaa, akivaa plasi 1.5 anapata sentimita 40, ila hiyo ni bahati ya namba tu.

Kabla hujaenda kupima, pima kazi yako pia, hiki kitu watu hawakifanyi kabisa. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu wa korosho ana umbali wa aina tatu kwa wakati mmoja: daftari sentimita 40, namba za mizani pengine mita nzima, na mkulima aliyesimama mlangoni mwa ghala. Bifoko, lenzi ya sehemu mbili, juu ya mbali chini ya kusomea, inampa mkulima na daftari, mizani inabaki katikati haina mwenyewe. Progresivu, lenzi inayobadilika taratibu toka mbali mpaka karibu, inashika yote matatu ila bei imesimama, na pembeni kuna ukungu kwahiyo unageuza kichwa sio macho, jipe mpaka wiki mbili kuzoea. Mi naona kwa mfuko wa kawaida miwani miwili tofauti inatosha. Ukichagua bifoko au progresivu, kwenye ngazi inamisha kidevu kabisa uangalie kwa sehemu ya juu ya lenzi, hasa ukishuka kwenye kivuko cha Msangamkuu.

Taa nayo isogeze. Mwanga mkali unabana mboni na maandishi yanatulia, ndo maana mchana nje unasoma kitu ambacho usiku kwa taa hafifu ya dukani kinakushinda.

Kupima nenda kliniki ya macho, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, walio njia ya Masasi waulizie Ndanda. Usidanganywe na dawa za kudondoshea eti zinaondoa miwani kabisa, asali na maziwa ya mama ni ya kunywa. Na wenye mainasi kubwa muelewe, ukiona vimulimuli kama radi, vidoa vyeusi vingi vya ghafla, au kama pazia linashuka upande mmoja, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama haumwi popote.

Namba ikiyumba ndani ya wiki chache tu, leo unaona kesho huoni, pima sukari kwanza kabla hujalipia lenzi mpya, maana sukari ikipanda jicho linabadilika nayo, utakatisha miwani ambayo ikishashuka haikufai tena.