Kupanga ukubwa wa maandishi ya tovuti kwa wasomaji wazee

Anayetengeneza tovuti ya ratiba za meli za kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, au ya bei za samaki wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, aanze kwa kukumbuka kwamba wasomaji wake wazee wengi wataisoma kwenye simu, wakiwa nje, jua la ziwani likipiga kwenye kioo. Baada ya miaka 40 hivi jicho huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu, na kadiri umri unavyosonga mboni husinyaa na lenzi huingia umanjano, hivyo mwanga unaofika ndani hupungua.

Vivinjari vingi huonyesha maandishi kwa pikseli 16 mtu asipobadilisha chochote. Kwa wazee napendekeza maandishi ya kawaida yalingane na pikseli 18 hadi 20, lakini katika msimbo yaandikwe kwa rem, kipimo ambacho 1 ni ukubwa wa msingi wa maandishi ya kivinjari, yaani 1.125 hadi 1.25, kwa kuwa kipimo hicho hufuata ukubwa ambao msomaji ameuchagua katika kivinjari chake, ilhali pikseli huupuuza. Bibi aliyewekewa herufi kubwa na mjukuu wake hapaswi kunyang'anywa msaada huo na mtu asiyemjua. Vivyo hivyo, amri inayozuia ukurasa kukuzwa kwa vidole viwili iondolewe. Sioni sababu yoyote ya kuitetea.

Kiswahili nacho kina jambo lake. Neno kama "yatakayoshughulikiwa" lina herufi 20, na maandishi yakikuzwa kwenye simu nyembamba humaliza zaidi ya nusu ya mstari. Kwa hiyo usilazimishe mistari yote iishie sawa upande wa kulia, maana itaachwa mianya mipana katikati ya maneno na jicho litapotea njia. Nafasi ya mstari iwe mara 1.5 ya ukubwa wa herufi. Vitufe visipewe kimo kisichobadilika, bali vitanuke pamoja na maneno yake. Kisha kuza maandishi hadi asilimia 200, kama inavyotaka WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, uone kama kuna neno lililokatwa.

Miongozo hiyohiyo inataka uwiano wa mwangaza kati ya rangi ya herufi na ya nyuma yake wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu chenye msimbo wa rangi #999999 juu ya weupe, ambacho wabunifu wengi hukipenda, hakifiki hata 3 kwa 1.

Mwisho, nenda mwaloni mchana na simu ya kawaida. Msalimie mzee, omba ridhaa yake, kisha umwombe akutafutie saa ya kuondoka kwa meli. Usimwulize kama anaona, kwa sababu wazee wetu wengi watajibu "naona, mwanangu" kwa kukustahi tu. Tazama mikono yake: akiisogeza simu mbali na uso, herufi bado ni ndogo, akiikinga kwa kiganja, rudi kwenye rangi.