Mche wa gizani unakuwa mrefu zaidi, usiogope: jinsi ya kuwaonyesha watoto wadogo kwamba mmea unahitaji mwanga

Walimu wenzangu wa chekechea na wazazi mlio nyumbani, hili jaribio la maharage, kopo moja dirishani lingine gizani, wengi tunalifanya alafu linatugeuka. Wiki ya kwanza ikiisha watoto wanafunua wanakuta ule wa gizani ndo mrefu, basi darasa zima linashangilia, giza limeshinda! Mimi mara ya kwanza niliwaambia hapana jamani mwanga ni lazima, nikafunga mada. Najuta mpaka leo, mana ni kama niliwaambia wasiamini macho yao.

Sasa nafanya hivi. Nanunua maharage ya kula gengeni, sio mbegu za duka la pembejeo zile zilizopakwa rangi, zile zina dawa na mtoto wa miaka 4 unamjua, kila kitu mdomoni (hata haya ya kula yakiwa mabichi asitafune, na angalia yasiingie puani). Yaloweke usiku mmoja. Asubuhi mpe kila mtoto punje moja aimenye na kuipasua katikati kwa kucha, ndani atakuta kijimche kidogooo kimejikunja kati ya vipande viwili vinene. Waambie hivyo vipande ni chakula alichofungiwa na mama yake cha kwenda nacho shule. Hapo usiharakishe kabisa, ndo ufunguo wa kila kitu kinachokuja mbele.

Alafu kata chupa za maji, toboa matundu chini, jaza udongo uleule kwenye makopo matatu, kila kopo punje tatu, mana ukipanda moja ikaoza jaribio limekufa. Kopo moja liwe wazi dirishani, mawili yafunike na boksi lisilopitisha mwanga hapohapo pembeni ili joto lisitofautiane sana. Kabla ya kufunika kila mtoto aweke kizibo chake mbele ya kopo analodhani litashinda, na usimsahihishe.

Maji mtu anaona kitu kidogo lakini ndo yanaharibu. Wa gizani udongo unachelewa kukauka, ukimwagilia kwa mazoea mizizi itaoza na mtoto atasema giza limeua kumbe ni maji. Kwa hiyo watie kidole kwanza, ukikauka ndo wanamwagilia kwa kizibo, na boksi lifunguliwe kidogo tu lirudishwe.

Kila baada ya siku mbili tatu wachore. Wape krayoni zote wala usiwaambie rangi, utaona mwenyewe mtoto anaacha kijani anaenda kutafuta njano, na shina analichora jembamba refu limepinda. Ni muda wa kuuliza sasa: ni mrefu ndio, ila una nguvu? Majani yake yakoje? Wapime na uzi kama rula bado hawajaiweza.

Kinachotokea ni kwamba punje haihitaji mwanga kuchipua, inakula kile chakula ilichofungiwa. Gizani mche unakitumia karibu chote kurefuka ili ufike penye mwanga, hauhangaiki na majani makubwa wala shina nene. Wa dirishani wenyewe umeshaanza kujipikia kwenye majani ya kijani. Kwa watoto sema hivyohivyo tu, neno usanisinuru (huko kujipikia chakula kwa mwanga) watalikuta mbele ya safari.

Ndo mana jaribio hili usilifunge siku ya 7, lipe wiki tatu hivi. Vile vipande viwili vinanyauka vinadondoka, na wa gizani unaanza kulala. Wanaouona ukilala wanasema wenyewe "mwalimu, chakula kimeisha", hujawaambia kitu.

Lile kopo la tatu sasa. Karibu siku ya 10, kabla halijachoka, litoe nje ya boksi, liweke kwanza sehemu yenye mwanga lakini sio jua kali, na uwaambie watoto waliangalie asubuhi na wakati wa kwenda nyumbani. Kesho yake au keshokutwa njano inaanza kuwa kijani, na wanaitana kama vile wameona mtu aliyekuwa mgonjwa ameamka kitandani.