Ua la nyanya likishafunguka umechelewa

Jamani narudia tena maana naona hamnisikii, nyie mnaochanganya aina mbili za nyanya ili mpate mbegu yenu. Msimu huu nimeitwa kwenye bustani tatu hapa Ilula kuangalia "mbegu mpya", na zote tatu nimekuta Cal J, ile aina fupi. Cal J tupu. Mtu amekaa nusu mwaka anasubiri nyanya aliyoitengeneza mwenyewe, ngumu ya kuvumilia tenga kama Cal J ila iendelee kuzaa mpaka juu kama Money Maker, ile aina ndefu, kumbe kapanda ileile aliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Kosa ni moja tu, mnapaka unga wa dume (chavua) kwenye ua lililofunguka. Nyanya ina dume na jike ndani ya ua moja, ule mkoba wa njano uliochongoka katikati ndo dume na kijiti cha jike kimejificha humohumo, kwa hiyo likifunguka linajipa unga lenyewe bila kukusubiri wewe na pamba yako ya masikioni. Ukija saa hizo na unga wa Money Maker unapeleka posa kwa binti aliyeshaolewa.

Tumba la mama, yaani aina itakayobeba tunda, tuseme Cal J, lishike siku moja au mbili KABLA halijafunguka. Rangi ndo saa yako. Vijani vya nje vimeanza kuachana, petali zimechungulia ila bado zimebana na ni njano ya kupauka inayoelekea kijani. Ikishakuwa njano ya kuwaka kama kiini cha yai la kienyeji, achana nalo, siyo lako hilo. La kijani kitupu nalo bado, kijiti ni kichanga kitakatika.

Jioni kwenye saa kumi na moja chukua kile kibano cha nyusi (kiombe kwa mama watoto, usiibe), kifute na spiriti, chomoa petali pamoja na mkoba wote, ukigoma toa kipande kwa kipande. Ukibakiza hata kimoja kazi bure! Kibaki kijiti cha kijani kimesimama peke yake juu ya kitufe kitakachokuwa tunda. Maua mengine ya kichala hicho yaliyofunguka kata yote, msiyaonee huruma, ndo yanawachanganyaga wakati wa kuvuna.

Kesho yake saa mbili mpaka saa nne asubuhi, umande umekauka na jua halijachoma, chuma ua la baba, yaani Money Maker, lililofunguka vizuri, pasua mkoba wake kwa pembeni, kwangua ndani mpaka uone unga umekaa kwenye ukucha wa dole gumba, halafu chovya kijiti humo taratibu. Rudia siku inayofuata. Joto likipita nyuzi 32 pumzika tu, maua yatadondoka. Na alama weka papo hapo, kata vijani viwili vya nje, havioti tena, tunda likiiva utalitambua kwa kofia yake pungufu.

Likishika, ndani ya wiki kitufe kinavimba, basi. Liache liivie mtini, siku 45 mpaka 60.

Sasa kwa nini nasema mama awe Cal J? Ufupi wake unafichwa na urefu wa Money Maker, so watoto wa kwanza, miche ya mbegu za tunda hilo, wote lazima warefuke. Pandeni miche sita ya kupima, SITA, siyo robo eka kama mzee wangu mmoja aliyelipa mpaka vibarua wa palizi. Mche ukifunga kilele kwa kichala cha maua ukakoma hapo, huo ni mama kajizalia mwenyewe, ng'oa.

Mbegu za hao warefu ukizipanda tena ndo mambo yanafumuka, kwenye miche 40 kama 10 hivi inarudi mifupi na matunda yanakuja ya kila sura. Hapo chagua mche mmoja mmoja, mbegu zake ziweke peke yake, hivyo hivyo kila msimu mpaka kizazi cha sita au cha saba ndo zinatulia. Habari za kuuza kwenye pakiti kwanza ongea na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Halafu lebo andikeni kwa penseli kwenye kipande cha ndoo iliyopasuka, jina la mama kwanza, la baba, tarehe. Juzi nimeletewa lebo ya biro imenyeshewa mpaka imebaki nyeupe, na mwenyewe ananiuliza mimi, eti bwana shamba, hii ni nyanya gani?