Somo: Kupunguza deni la shule ya sheria ukiwa wakili wa utetezi wa umma au mwendesha mashtaka Marekani

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa uwakili yakitoka, vijana wetu waliosoma sheria hapa Marekani hunipigia simu na swali lilelile: nikienda ofisi ya utetezi wa umma, ambako mawakili hulipwa na serikali kutetea washtakiwa wasio na uwezo, deni nitalilipaje? Wengine huwa wameshakata tamaa, wanakwenda kampuni binafsi ilhali moyo uko mahakamani. Mimi niko kwenye kazi hii ya utetezi mwaka wa sita. Njia za kusaidiwa na serikali kuu ni mbili, na wengi wanazichanganya.

Ya kwanza ni PSLF, msamaha wa mkopo kwa watumishi wa umma, uliowekwa na sheria ya mwaka 2007. Unalipa marejesho 120 ya kila mwezi yanayokubalika, yaani miaka 10, ukiwa kazini, kinachobaki kinafutwa. Ya pili ni mpango wa John R. Justice, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kupewa jina la mwendesha mashtaka wa South Carolina. Huu haufuti deni. Unalipunguza kidogo kidogo, na unakufunga kwa mkataba.

Hatua ya 1: Jua una mkopo gani. Ingia studentaid.gov, tovuti ya serikali kuu ya mikopo ya wanafunzi, usome jina la kila mkopo. PSLF inapokea mikopo ambayo jina lake linaanza na neno Direct, yaani iliyotolewa moja kwa moja na serikali kuu, basi. Ukiwa na ile ya zamani, FFEL au Perkins, iunganishe kwanza iwe Direct. John R. Justice inapokea zote tatu. Mikopo ya benki binafsi haiingii popote.

Hatua ya 2: Hakikisha mwajiri wako. Kwa PSLF uwe umeajiriwa na serikali ya ngazi yoyote, au shirika lisilo la faida la 501(c)(3), yaani lililosamehewa kodi chini ya kifungu hicho, kwa wastani wa saa 30 kwa wiki au zaidi. Wakili binafsi anayepangiwa kesi na mahakama na kulipwa kwa kila kesi hajaajiriwa na umma, hata kama siku nzima anatetea maskini. Inaniuma kuliandika hili, maana nawajua mawakili wa namna hiyo na kazi yao ni ileile yangu.

Hatua ya 3: Chagua mpango wa marejesho unaofuata kipato. Ukilipa kwa ratiba ya kawaida ya miaka 10, hakitabaki kitu cha kusamehewa. Mpango wa IBR unahesabiwa. Sheria ya 4 Julai 2025 imeleta mwingine uitwao RAP, wa kuanzia 1 Julai 2026, nao unahesabiwa. Waliokuwa SAVE, mpango mwingine wa aina hiyo, wanajua kilichotokea: mahakama ziliuzuia, malipo yakasimamishwa, na miezi ile ya kusimama haikuhesabiwa kama marejesho. Kwa hiyo kampuni inayosimamia mkopo wako ikikuambia "pumzika kulipa", uliza kwanza kama mwezi huo utahesabiwa, na jibu ulitake kwa maandishi.

Hatua ya 4: Jaza fomu ya PSLF kila mwaka, usisubiri mwaka wa kumi. Hapa ndipo watu wanapoumia. Fomu inataka namba ya utambulisho ya mwajiri. Mwaka wangu wa kwanza niliuliza pale ofisini, mtu akanitajia namba kichwani, nikaijaza. Fomu ikarudi. Anayetulipa mshahara ni kaunti, na namba ya kaunti ni nyingine. Chukua karatasi ya W-2, ile unayopewa kwa ajili ya kodi, tazama kisanduku chenye herufi b upande wa kushoto juu: kuna tarakimu tisa, mbili, kistari, kisha saba. Hiyo ndiyo namba, usimwulize mtu. Ukijazia kwenye tovuti, afisa utumishi anatumiwa barua pepe aweke sahihi. Mpigie simu siku hiyohiyo, maana barua ile hufanana na matangazo na wengi huifuta.

Hatua ya 5: Omba John R. Justice. Fedha zinatoka Wizara ya Sheria ya Marekani na hugawiwa na chombo alichokiteua gavana wa jimbo, kwa hiyo kila jimbo lina tarehe zake. Sharti uwe na leseni ya uwakili na usiwe mdaiwa sugu. Waendesha mashtaka ni wa jimbo na serikali za mitaa tu, wale wa serikali kuu hawamo. Kwa watetezi, hata walio ofisi za utetezi za serikali kuu wanaingia. Sheria inaruhusu hadi dola 10,000 kwa mwaka na dola 60,000 kwa jumla, lakini msizipigie mahesabu. Bunge hutenga fedha kidogo, na kinachomfikia mtu huwa pungufu sana. Hupewa kwanza asiye na uwezo wa kulipa. Fedha huenda moja kwa moja kwa wasimamizi wa mkopo. Wewe endelea na marejesho yako ya kila mwezi kama kawaida.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Niko Houston, kila mwezi natuma fedha kwa wazazi Tanga. Zitapunguza marejesho yangu?
Marahaba mdogo wangu. Hapana. Kinachoangaliwa ni kipato na ukubwa wa familia, na wazazi wanaoishi Tanga hawahesabiwi humo hata kama ni wewe unayewalisha. Panga bajeti ukilijua hilo.

Mimi ni mama. Mkopo wa Parent PLUS, ule mzazi anaochukua kumsomesha mtoto, uko kwa jina langu, mwanangu sasa ni mwendesha mashtaka. Atasamehewa?
Shikamoo mama. Mdaiwa ni wewe, kwa hiyo PSLF inaangalia kazi yako na si ya mwanao. Na John R. Justice haupokei mikopo ya wazazi kabisa. Mwanao aombe kwa ile aliyochukua mwenyewe.

Binti yangu ana akili, kwa nini atetee wezi kwa mshahara mdogo?
Mzee wangu, mwaka 1961 huko Florida, Clarence Earl Gideon alishtakiwa kuvunja na kuingia ukumbi wa mchezo wa pool. Aliomba wakili akanyimwa, akafungwa. Akiwa gerezani aliiandikia Mahakama Kuu ya Marekani kwa penseli, na mwaka 1963 mahakama ikaamua kuwa mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo lazima apewe wakili. Kesi iliporudiwa akiwa na wakili, baraza la raia wanaoamua kesi (jury) likamwona hana hatia. Binti yako anakaa kwenye kiti ambacho siku ya kwanza ya Gideon kilikuwa kitupu. Mwache akae, na umsaidie kujaza hizi fomu.

Nikisaini John R. Justice, halafu mwaka wa pili nikapata kazi kampuni binafsi?
Mkataba ni miaka mitatu. Ukiacha kwa hiari yako, au ukifukuzwa kwa utovu wa nidhamu, kabla haijaisha, unarudisha kila dola uliyopewa. Na miaka hiyo inabaki mitatu hata kama fedha umezipata mara moja tu. Mimi nilikaa na mkataba huo mezani wiki nzima kabla ya kusaini.