Homoni baada ya hedhi kukoma: usizichukue juu ya sura pekee
Madada, kama hedhi imekoma na ngozi imeanza kukauka na kulegea, shida si mafuta unayopaka, ni estrojeni, homoni ya kike, imeshuka, na ngozi hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni, ile protini inayoifanya iwe imara, kwa ile miaka 5 ya kwanza. Tiba ya homoni inaweza kusaidia ngozi ishike maji na isiwe nyembamba sana, lakini haifuti makunyanzi wala kurudisha nywele nyeusi, na kazi yake hasa ni kutuliza ile joto ya ghafla na jasho la usiku, na kulinda mifupa.

Kwa hivyo anza na daktari wa wanawake, si duka la vipodozi tao. Mwambie kila kitu, saratani ya matiti, damu kuganda, stroki, presha, usifiche. Kama bado uko na mfuko wa uzazi, estrojeni inaenda pamoja na projesteroni, homoni nyingine inayoulinda mfuko huo, kwa hivyo tafadhali usiazime dawa ya jirani! Uliza mapema, kabla ufike miaka 60 ama 10 ipite tangu hedhi ikome.

Paka sanskrini, yaani mafuta ya kukinga jua, ya SPF 30 (kipimo cha kinga) kila asubuhi, hata Julai na mawingu yake, Nairobi iko juu na jua linachoma tu. Sigara wacha. Krimu za kujichubua zenye zebaki tupa leo.