Mfanyakazi Akiugua: Namna ya Kuhesabu Siku na Mshahara Wake

Hapa Lamu kazi nyingi huanza kwa maneno ya mdomo. Mpishi wa nyumba ya wageni huko Shela, nahodha wa mashua ya watalii, mwanamke anayefanya kazi za nyumbani mtaa wa Langoni, wote hutajiwa mshahara na siku ya kuanza, na mazungumzo yakaishia hapo. Siku mmoja wao anapopatwa na homa ndipo inapodhihirika kwamba habari ya ugonjwa haikuguswa kabisa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi 3 au zaidi iandikiwe mkataba, na mwenye jukumu la kuuandika ni mwajiri, si mfanyakazi. Masharti ya likizo ya ugonjwa na malipo yake ni miongoni mwa mambo yanayopaswa kuandikwa. Mwajiri anayedhani kwamba kutoandika kunampa nafasi ya kukana amekosea, kwa sababu shauri likifika mahakamani naye hana mkataba wa kuonyesha, ni juu yake kuthibitisha kuwa madai ya mfanyakazi kuhusu masharti ya kazi si ya kweli.

Kabla ya kuhesabu chochote, amua kwanza kama kweli mfanyakazi aliyeugua ni kibarua. Kibarua kisheria ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi siku zinazofuatana zikafika mwezi, au akipewa kazi ambayo kwa jumla haiwezi kumalizika kabla ya miezi 3, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, na akiendelea hadi miezi 2 anapata haki kama wenzake. Nimeona wachukuzi na mafundi waliotumikia mlango mmoja mwaka mzima wakiitwa vibarua kila Jumamosi ya malipo. Jina hilo halibadilishi haki zao.

Mfanyakazi aliyekwisha kutumikia miezi 2 mfululizo anastahili, katika kila miezi 12, siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na baada yake siku 7 kwa nusu mshahara. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Wale wanaoguswa na amri ya jumla ya mishahara, yaani amri ya serikali inayopanga kima cha chini cha mishahara na masharti ya kazi, wana siku hadi 30 kwa mshahara kamili na 15 kwa nusu, na makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanaweza kuzidisha, kwa hiyo soma kwanza ni lipi linalokuhusu.

Tuchukue mfano wa kiwango cha chini. Mpishi analipwa shilingi 18,200 kwa mwezi, anafanya kazi siku 6 kwa wiki, na mkataba unasema mshahara ugawanywe kwa siku 26, yaani shilingi 700 kwa siku. Akiugua siku 10 za kazi, siku 7 za kwanza hazikatwi kitu, na 3 zilizobaki hulipwa shilingi 350 kila moja. Kinachopungua ni shilingi 1,050 tu, naye atapokea 17,150 kabla ya makato ya kawaida. Siku hizo zisitolewe kwenye likizo ya mwaka, ambayo ina siku zake 21 za kazi. Kuzichanganya ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi katika madaftari.

Sheria inamdai mfanyakazi mambo mawili: atoe taarifa mapema kadiri awezavyo, na alete cheti kilichotiwa saini na daktari au na msimamizi wa zahanati aliye chini yake. Hapa nitasema nililolishuhudia nilipokuwa nikiandika hesabu za nyumba moja ya wageni. Mpishi alishikwa na malaria, akamtuma mpwa wake. Kijana alimkuta mlinzi mlangoni, akasema, “Mjomba hawezi leo,” akarudi zake. Mlinzi hakumwambia mtu. Siku ya tano mpishi alikuja na cheti kilichokunjwa mara nne katika mfuko wa shati, kimerowa maji ya chumvi mashuani. Muhuri ulisomeka, tarehe haikusomeka. Alikatwa siku zote 5, na makato hayo niliyaandika kwa mkono wangu. Ilitosha kumrudisha zahanati wakamwandikie kingine kutoka katika daftari lao, na ninajuta kwamba sikumwambia.

Kwa hiyo tuma ujumbe wa simu kwa mwajiri mwenyewe, siku hiyohiyo, kwa maneno kama haya: “Asalaam aleikum bwana. Siwezi tangu jana usiku. Leo Jumatatu nimepimwa, daktari amenipa siku 4. Nitarudi Ijumaa inshallah. Picha ya cheti ni hii.” Mwajiri naye ajibu kwamba ameipata, kisha aziandike siku hizo katika kumbukumbu za mfanyakazi, kwa kuwa sheria inamtaka azitunze.

Mwajiri pia anapaswa kuhakikisha kuwa mfanyakazi wake mgonjwa anapata dawa, isipokuwa pale matibabu yanapotolewa bure na serikali au yanapolipiwa na bima. Aliyeumia akiwa kazini, kama fundi aliyekatwa na msumeno, ana sheria yake ya fidia ya mwaka 2007, na hesabu yake hufanywa kando.

Mwisho wa mwezi mfanyakazi apewe hati inayoonyesha mshahara na kila makato. Makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Ikiwa ugonjwa umerefuka na mwajiri anafikiria kuvunja mkataba, ni lazima kwanza amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama atakayemchagua, na amsikilize. Aliyeachishwa bila hayo ana miezi 3 tangu siku ya kuachishwa kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na miaka 3 ya kufungua kesi. Aende na ule ujumbe wa simu, cheti, na hati za mshahara.